Meno ya Tairi la Pikipiki na Mvua ya Nairobi: Kukagua, Kuchagua na Kufunga

Kila Machi mawingu yakianza kushuka upande wa Ngong, maswali ni yaleyale. Ninunue tairi la meno makubwa ndiyo lishike? Hili la mistari linafaa mvua? Nipunguze upepo kidogo? La nyuma limekuwa bapa, nilihamishie mbele?

Jibu la kwanza ni fupi: kinachoshika lami ni mpira. Mifereji iliyo kati ya meno kazi yake ni kuondoa maji ili mpira uguse barabara. Ukilishika hilo, maswali mengi yanajijibu. Mwongozo huu ni wa pikipiki za kazi za 100 hadi 150cc, zile zinazobeba abiria na mizigo mjini, ingawa mengi yanafaa pikipiki yoyote ya barabarani.

Vitu vya kuandaa

- Geji ya presha iliyo yako mwenyewe. Geji za pampu za kando ya barabara husoma tofauti, na moja ikikosea kwa psi 5 huwezi kujua.
- Rula yenye milimita, kijiti cha kiberiti na kalamu. Ukiwa na geji ya kupimia kina cha meno, bora zaidi.
- Tochi, au taa ya simu.
- Brashi ngumu, maji na sabuni ya kuoshea vyombo.
- Chaki.
- Kitabu cha pikipiki, au kile kibandiko cha presha kilichobandikwa karibu na mnyororo.
- Mahali pakavu na pasawa pa kusimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, ili magurudumu yazunguke.

Kukagua matairi yote mawili ni kazi ya dakika ishirini.

Mambo mawili ya kujua kabla ya kushika rula

Sehemu ya tairi inayogusa lami kwa wakati mmoja haizidi sana ukubwa wa kadi ya benki. Maji yakikosa njia ya kutoka hapo, mpira unapanda juu yake na tairi linaelea. Kuelea kunategemea kina cha mifereji, mwendo na upepo uliomo ndani. Watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, miaka ya 1960, katika majaribio ya matairi ya ndege, walipata kanuni inayotumika hadi leo: chukua kipeuo cha pili cha psi, zidisha kwa 16.7, upate kilomita kwa saa ambapo tairi lisilo na mifereji huanza kuelea. Psi 28 inatoa kama 88. Psi 18 inatoa kama 71. Tairi la pikipiki ni jembamba na la mviringo, hivyo hukata maji vizuri kuliko la gari na hustahimili mwendo zaidi ya hapo, lakini mwelekeo haubadiliki: upepo ukipungua, linaelea mapema. Hilo swali la kupunguza upepo wakati wa mvua limeishia hapo.

Jambo la pili ndilo linaloangusha watu mjini, na halina uhusiano na kuelea. Januari na Februari lami inakusanya vumbi, oili, dizeli na unga wa matairi. Manyunyu ya kwanza yanaulowesha uchafu huo bila kuuosha, na unageuka utando mwembamba wa utelezi. Utaukuta kwenye mizunguko, kwenye steji za matatu, na mita chache kabla ya taa za barabarani, pale magari yanaposimama yakidondosha. Kwa mwendo wa 30 tu unalala chini. Hakuna muundo wa meno unaomaliza utando huo. Hapo unategemea mpira laini, kingo za meno ambazo hazijachakaa, na mkono wenye adabu kwenye breki. Mvua ikipiga kwa nguvu ya kutosha barabara inaoshwa, mshiko unarudi kwa kiasi. Kwa hiyo manyunyu ya mwanzo yaogope kuliko mvua ya gharika.

Hatua kwa hatua

1. Soma ubavu wa tairi.
Osha ubavu kwa brashi, kisha tafuta haya:

Ukubwa. Pikipiki nyingi za boda huvaa 2.75-17 mbele, na 3.00-17 au 3.00-18 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni rimu. Namba zako ndizo sheria, usibebe za jirani.

Uzito na mwendo. 47P maana yake tairi linabeba kilo 175 na mwendo wake wa juu ni kilomita 150 kwa saa. 50P ni kilo 190. Kama unabeba mizigo ya soko, usishuke chini ya namba iliyokuja na pikipiki.

Mshale wa mzunguko. Matairi mengine yana mishale miwili, mmoja wa kufungwa mbele na mwingine wa nyuma, ikielekea pande tofauti.

Tarehe. Tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi lililozidi miaka mitano linahitaji kuangaliwa kwa jicho kali, hata kama meno yote yapo. Mpira unakuwa mgumu ukikaa, na mpira mgumu kwenye lami yenye maji ni kama huna tairi. Hili ndilo kosa kubwa la wanaonunua matairi ya mtumba: wanatazama meno, hawatazami tarehe.

2. Pima kina cha mifereji.
Simamisha kijiti cha kiberiti ndani ya mfereji mpaka kiguse chini, weka alama ya kalamu usawa wa meno, kisha pima kwa rula. Pima sehemu tatu kuzunguka tairi, na kila mahali pima katikati na begani, yaani pembeni karibu na ubavu. Weka chaki ulipoanzia usije ukapima palepale mara mbili.

Ndani ya mifereji kuna vivimbe vidogo. Ubavuni vinaonyeshwa na pembetatu au herufi TWI. Kwenye matairi mengi ya pikipiki vina urefu wa kama milimita 0.8. Meno yakifika usawa wa kivimbe, tairi limekufa. Lakini usingoje hapo. Kwa mvua badilisha ukifika milimita 2, kwa sababu mfereji wa milimita 1 unajaa maji kabla haujafanya kazi yoyote. Kipimo kidogo ulichopata ndicho unachohesabu. Wastani hauna maana.

Boda nyingi za Nairobi huendeshwa wima siku nzima kwenye barabara zilizonyooka, kwa hiyo tairi la nyuma hulika katikati na kuwa bapa huku mabega yakibaki na meno mazuri. Ukilitazama kwa ubavu unaliona zima. Limeisha.

3. Kagua mpira wenyewe.
Bonyeza jino kwa ukucha wa kidole gumba. Mpira mzuri unakubali kidogo halafu unarudi. Ukucha ukiteleza kama umebonyeza plastiki, mpira umeshakauka. Angalia chini ya mifereji kwa tochi: nyufa ndogondogo zinaanzia humo kabla ya kutokea nje. Ng'oa mawe na vipande vya vioo kwa bisibisi, ila msumari ukiwa umezama usiung'oe kabla hujafika kwa fundi wa pancha.

4. Tambua muundo wa meno ulio nao.
Hapa ndipo pana mkanganyiko, kwa hiyo twende polepole.

*Mistari ya kuzunguka.* Mifereji mitatu au minne inayokwenda na mzunguko wa tairi, kwa kawaida mbele. Inatoa maji vizuri ukienda moja kwa moja na usukani unatulia. Udhaifu wake ni kingo: hakuna kingo nyingi za kukata lami ukivuta breki kwa nguvu, na tairi hufuata nyufa ndefu za barabara. Bado ni chaguo zuri la mbele kwa anayeishi kwenye lami.

*Mifereji ya mshazari.* Mifereji inatoka katikati kwenda begani, mara nyingi kwa umbo la V. Inasukuma maji nje kwa upande na ina kingo za kutosha za breki. Kwa lami yenye mvua, huu ndio muundo wa kuaminika zaidi, mbele na nyuma.

*Vitalu vya kati.* Meno ya wastani yaliyokaribiana, mifereji mipana kiasi. Ni tairi la kila mahali: lami, kabro, murram. Wengi mnaotoka Kangemi, Kawangware au Githurai kuingia mjini mnahitaji hili nyuma.

*Meno makubwa ya matope.* Vitalu virefu vilivyoachana. Kwenye udongo yanachimba na kujisafisha. Kwenye lami yenye maji hali inageuka: mpira unaogusa barabara ni mchache, na kila jino refu linajipinda ukivuta breki au ukilaza kona. Mifereji yake mikubwa inabeba maji mengi, kweli, lakini kwa mwendo wa mjini maji hayakuwa tatizo. Tatizo ni mpira kidogo. Anayefunga tairi la matope mbele ili lishike kwenye Jogoo Road amenunua kinyume cha alichotaka.

Kipimo cha haraka: weka kiganja juu ya tairi, kadiria eneo la mpira na eneo la mfereji. Mpira ukichukua kama robo tatu, ni tairi la lami. Nusu kwa nusu, ni la njia za udongo.

5. Linganisha na njia yako.
Usichague kwa kilomita moja mbaya. Ukiwa asilimia kubwa ya siku uko katikati ya jiji, Westlands na Ngong Road, funga mistari au mshazari mbele, mshazari nyuma. Njia mchanganyiko: mshazari mbele, vitalu vya kati nyuma. Wakaao Utawala, Ruai na sehemu za Embakasi wana shida yao, udongo mweusi. Unapolowa unanata na kujaza mifereji yote kwa mita chache, na ukitoka nao kuingia lami una tairi kipara hata kama lilinunuliwa jana. Huko vitalu vya kati vyenye mifereji mipana vinafaa kuliko mistari, kwa sababu mifereji myembamba haitapiki matope. Ukifika lami, simama, toa tope kwa kijiti, kisha endesha taratibu mpaka lililobaki liruke lenyewe. Usipige kona ya kwanza kabla ya hapo.

Bajeti ikitosha tairi moja tu, tairi zuri liende mbele. La nyuma likiteleza mara nyingi unaweza kulirudisha. La mbele likiteleza umeshaanguka.

6. Nunua na ufunge sawasawa.
Ukienda Kirinyaga Road au duka lolote la spea, omba kusoma tarehe kabla ya kutoa pesa. Usikubali tairi pana kuliko rimu inavyoruhusu eti linashika zaidi. Rimu nyembamba hulibana, umbo linachongoka katikati na eneo la kugusa lami linapungua.

Simama na fundi wakati anafunga, na uangalie haya:

- Mshale unafuata mzunguko wa gurudumu likienda mbele. Usiamini sura ya V. Mara nyingi V ya mbele imegeukia kinyume cha ya nyuma, na si kosa: tairi la mbele nguvu yake kubwa ni ya breki, la nyuma ni ya kusukuma, na nguvu hizo zinavuta mpira pande tofauti.
- Tyubu mpya kwa tairi jipya, ya ukubwa uleule. Tyubu iliyotanuka hujikunja ndani na kupasuka kwenye mkunjo.
- Kitone cha manjano, kama kipo, kikae karibu na valvu.
- Ule mstari mwembamba ubavuni uwe umbali sawa kutoka rimu pande zote. Ukizama mahali, tairi halijakaa. Toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena.
- Nati ya valvu isikazwe hadi rimu. Iache juu karibu na kifuniko. Tyubu ikianza kusogea valvu itainama na utaiona kabla haijakatika.
- Alama za kukaza mnyororo zilingane kulia na kushoto. Gurudumu likikaa upande, hata tairi bora litavuta.

7. Jaza upepo tairi likiwa baridi.
Asubuhi kabla ya kutoka, au pikipiki ikiwa imesimama kwa muda wa saa tatu. Fuata kibandiko. Kwa pikipiki nyingi za aina hii ni karibu psi 25 mbele, 28 nyuma ukiwa peke yako, na 32 ukibeba abiria. Pima kila wiki. Anayebeba abiria siku nzima aache 32, kushusha na kupandisha kwa kila mteja ni porojo.

8. Vunja ugeni wa tairi.
Uso wa tairi jipya bado haujakwaruzika, hivyo huteleza. Kilomita 100 hadi 150 za kwanza ziwe za upole, ikiwezekana pakavu, ukiongeza mlalo wa kona kidogokidogo ili mabega nayo yakwaruzike. Kufunga tairi jipya saa kumi jioni mvua ikinyesha halafu kupakia abiria wawili ni kujitafutia.

9. Jaribu breki kabla ya kuingia kwenye magari.
Kila asubuhi ya mvua, kwenye njia tupu iliyonyooka, kwa mwendo wa 20, bana breki ya mbele polepole mpaka uisikie ikifanya kazi, kisha ya mguu. Unajua mshiko wa siku hiyo na unakausha breki kwa wakati mmoja.

Makosa yanayorudiwa

Kuchonga meno upya. Kuna wanaokata mifereji kwa kisu cha moto juu ya tairi kipara. Chini ya mpira uliobaki kuna nyuzi tu. Ukichonga unazifikia, maji yanaingia, tairi linapasuka ukiwa njiani. Tairi la pikipiki la kazi halichongwi, hata fundi akikuapia.

Kupaka mafuta ya kung'arisha. Ubavuni, kwa shingo upande, sawa. Kwenye meno ni utelezi ulioulipia mwenyewe pale kwa muoshaji.

Kutegemea meno pale yasiposaidia. Rangi nyeupe za kivuko, vifuniko vya mashimo ya maji taka, vyuma vya viungo kwenye madaraja ya Thika Road, kabro lililosuguliwa la petroli steshoni: hapo pita wima, bila breki na bila kuongeza mafuta.

Kuhamisha tairi bapa la nyuma kulipeleka mbele. Kona ya kwanza litadondoka kwenye ukingo wake.

Likikataa: dalili na tiba

*Mbele inateleza ukigusa breki tu.* Pima upepo kwanza. Ukizidi, mguso wa lami unapungua. Upepo ukiwa sawa, angalia tarehe na ugumu. Vyote vikiwa sawa, unabana ghafla.

*Nyuma inapiga mkia ukishusha giya.* Injini inavuta gurudumu kuliko mpira unavyoweza kushika. Shusha giya moja moja, achia klachi taratibu. Likiendelea kwenye lami iliyooshwa na mvua, pima kina cha katikati.

*Usukani unatangatanga kwenye nyufa za lami.* Kawaida ya mistari ya kuzunguka. Usiukabe usukani, upepo uwe sahihi. Ikizidi hata pasipo na nyufa, kagua beringi za usukani.

*Linaisha katikati upesi.* Upepo mwingi, au barabara zilizonyooka tu. *Linaisha mabegani:* upepo kidogo, au mzigo uliozidi.

*Meno yamelika kama msumeno, upande mmoja wa kila jino uko juu.* Breki nyingi na upepo mdogo, au shoki zilizochoka. Rekebisha chanzo kwanza, la sivyo tairi jipya litafuata njia hiyohiyo.

*Tairi zuri, limeanza kuteleza ghafla kutwa nzima.* Limekanyaga dizeli. Gusa meno na unuse kidole. Osha tairi zima kwa maji na sabuni ya vyombo, sugua ndani ya mifereji, suuza, kausha, na kagua kama oili haivuji kutoka kwenye injini yako mwenyewe. Petroli usiitumie kuoshea, inaharibu mpira.